Pwani ya asubuhi na pwani ya jioni

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wetu wa watu wa mtaa hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, wa Malindi, Mizingani, Forodhani na Shangani, pamoja na wale waliohamia Ng'ambo. Wengi hamkuwahi kufika, na wengine mko Muscat, Dubai na London mkanitumia ujumbe mnaitaka, basi naiweka nzima kama nilivyoisema. Zile picha zilizooneshwa ukutani tu ndio sikuziweka.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wenzangu tuliocheza pamoja, hamjambo? Na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma mlangoni, ingieni ndani jamani, nafasi zipo, haya mambo yanakuhusuni zaidi kuliko yanavyotuhusu sisi.

Nimeambiwa nizungumze kuhusu utoto wetu wa pwani, zile likizo za kaskazi. Nitazungumza. Lakini kwanza niulize. Nani hapa amekulia baina ya Malindi na Shangani? Nyanyueni mikono. Mashaallah, ukumbi mzima. Haya, msiishushe bado. Sasa ashushe mkono yule asiyejua kuogelea.

Tazameni wenyewe. Tazameni mikono iliyobaki juu ni ya nani. Ni ya akina baba, na vijana wa kiume. Akina mama karibu wote mmeshusha, na mmezaliwa hatua chache tu kutoka majini, wengine mawimbi ya bamvua yalikuwa yakirusha chumvi mpaka kwenye madirisha yenu. Naomba hilo mliweke akilini wakati nasimulia, maana ndilo lililonileta hapa.

Basi turudi nyuma, miaka ya themanini. Mnakumbuka kaskazi ilivyokuwa ikiingia? Vuli inamaliza, upepo unageuka, skuli zinafungwa mwezi wa Disemba, na lile joto linashuka juu ya Mji Mkongwe halitoki mpaka Machi huko masika yakaribie. Nyumba zetu za mawe na chokaa, kuta nene, mchana ndani kunapoa vizuri tu, lakini usiku ule ukuta unalirudisha joto lote uliloliweka kutwa, hulali. Watu wanatoka barazani, wanatandika mikeka juu ya dari, umeme umekatika, mtu anapepea kwa kipepeo huku anazungumza na jirani wa nyumba ya pili kichochoro kizima kinasikia. Na sisi watoto tulikuwa hatuna pa kwenda isipokuwa pwani. Tulikuwa hatuna kitu kengine na tulikuwa hatutaki kitu kengine.

Lakini ndugu zangu, nimekaa nikafikiri sana kabla sijaja hapa, na nimegundua kitu ambacho sijawahi kukisikia kikisemwa kwenye mazungumzo yetu ya kukumbushana. Tulikuwa na pwani mbili. Sio moja. Pwani ya wasichana na pwani ya wavulana, mahali pamoja, mchanga ule ule, ukuta ule ule, ila saa tofauti.

Nieleze kwa wale vijana. Bahari yetu inapwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, hilo mnalijua. Lakini siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa kwetu Unguja maji hupwa hasa kwenye saa nne za asubuhi, na hujaa hasa kwenye saa kumi za jioni. Na bamvua ya hapa si mchezo, tafauti ya maji juu na maji chini inakaribia mita 4, yaani kuzidi kimo cha watu wawili. Asubuhi unatembea kwa miguu pale ambapo jioni jahazi linapita.

Sasa asubuhi ilikuwa ya nani? Ilikuwa yetu sisi wasichana. Tumetoka chuoni, tumesoma juzuu zetu, mama anasema nendeni mkacheze lakini adhuhuri msinikute nakutafuteni. Tunateremka ngazi za Shangani, leso tumefunga kiunoni, ndala mkononi. Maji yamekimbia huko mbali, mchanga umebaki umelowa, mashua zimelala ubavu. Na tulikuwa tunajua kila kitu kilichokuwemo pale. Tunajua jiwe gani lina kaa na kaa gani anauma. Tunajua wapi pana kauri na wapi pana makombe ya chaza.

Na vigae. Mama zangu, mnavikumbuka vile vigae? Vipande vya sahani za kaure, vyeupe vyenye maua ya buluu, bahari imevisugua mpaka ncha zote zimelainika huwezi kujikata navyo. Sijui vilivunjika nyumba ya nani na karne gani, pengine ya tajiri fulani wa zamani, lakini vilikuwa vikija pwani kila bamvua, na sisi ndio tulikuwa tunapakulia. Tunacheza kinyumba, mchanga ni pilau, mwani ni mchicha, na kila msichana ana vigae vyake kwenye kopo, ukimwazima mwenzio lazima akurudishie. Mimi nilikuwa na kipande kimoja kina nusu ya ndege, kichwa na bawa, na wallahi nilitafuta ile nusu ya pili kaskazi nzima, natembea nimeinama.

Halafu je? Halafu maji yakaanza kurudi. Na maji yakirudi unasikia juu ukutani, mama wa huyu, shangazi wa yule, "Nyie! Maji hayo! Pandeni!" Na tunapanda. Kila siku tunapanda. Maji yakifika kwenye vifundo vya miguu sisi tuko ngazini. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kubaki, na sisi wenyewe hatukuuliza, ndio ulivyokuwa utaratibu. Maji yakija, wasichana juu.

Na jioni? Jioni ilikuwa ya kaka zetu.

Jioni pale Forodhani, saa kumi, maji yamejaa yanapiga ukuta, Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, nyuma yetu na mnara wake wa saa, na wavulana wamepanga mstari kuanzia kwenye majani ya bustani. Makachu, ule mchezo wa kuruka majini kutoka ukutani! Vijana wa leo msidhani makachu mmeyaanzisha nyinyi kwa sababu mnayarikodi kwenye simu na dunia nzima inayaona. Kaka yangu alikuwa bingwa. Anarudi nyuma mpaka karibu na kile kibanda cha bendi, miguu mitupu, kaptula moja ya skuli iliyokwisha rangi, anakuja mbio, ule mguu wake wa kulia unapiga ukingo wa ukuta mara moja tu, paa, halafu yuko juu. Anajikunja. Anazunguka. Na kabla hajaingia anajinyoosha wima, maji hayaruki. Wazee waliokaa na kahawa zao wanapiga makofi, halafu hao hao wanamgombeza akitoka, "utakuja kuvunjika shingo wewe!"

Na sisi dada zao tulikuwa wapi? Tulikuwa tumekaa kwenye majani na kachori na mbatata za urojo, tunaangalia. Tunawashikia nguo. Nilikuwa nikishika shati la kaka yangu na ndala zake na ninajua kwa hesabu kila alichokifanya, mguu upi, mkono upi, anavuta pumzi saa ngapi. Nilikuwa ninayajua makachu kichwani neno kwa neno na sijawahi kulowa.

Nisikilizeni vizuri. Sisemi wazee wetu walikuwa wabaya. Walitupenda, walituhifadhi, na sisi tulifurahi sana, na sitaki mtu atoke hapa aseme nimesimama kuwashitaki mama zetu. Ninachosema ni kwamba sote tulisomeshwa na bahari, lakini nusu yetu tulisomeshwa nusu ya somo.

Na somo lenyewe lilikuwa kubwa! Nani alikuwa akitusomesha? Hapo ndipo nataka niwapeleke Malindi, kule Funguni, kwenye majahazi. Nyakati hizo yale majahazi makubwa ya Arabuni na Ghuba yaliyokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi yalikuwa yamepungua sana, lakini ya Pemba, ya Tanga, ya Bagamoyo, ya Lamu yalikuwepo mengi, yanashusha boriti, mkaa, nazi, chokaa. Na palikuwa na mzee mmoja fundi wa kalafati, Mungu amrehemu, wengi wenu mnamjua sina haja ya kumtaja. Anakaa chini ya jahazi lililopandishwa juu, ana nyundo yake ya mbao na patasi, anaviringisha pamba aliyoichovya mafuta, anaipiga katikati ya mbao mbili polepole, tok, tok, tok. Pembeni pana debe la sifa, mafuta ya papa, linanuka mpaka machozi yanakutoka. Na sisi watoto tumemzunguka, wasichana na wavulana, maana pale ilikuwa nchi kavu hakuna aliyekuwa akitufukuza.

Yule mzee alikuwa hatoi majibu bure. Unamuuliza kitu, anakuuliza wewe, majina ya miti na kamba za jahazi. "Foromali ni ipi?" Unaonesha. "Demani inafungwa wapi?" Unaonesha. "Upepo ukiwa unatoka kule, jahazi litakwenda vipi Pemba?" Ukikosa anakunyamazia anaendelea na nyundo yake, mpaka mwengine apate. Yeye ndiye aliyetuambia kwa nini chini ya chombo hupakwa shahamu, kwamba kuna mdudu anakula mbao ndani ya maji na usipompakia atakumalizia chombo huku juu unakiona kizima. Yeye ndiye aliyetuonesha kwa kidole pale mbele ya jumba la mfalme na kutuambia, pale chini, hapo hapo mnapoogelea, imelala meli ya Sultani inaitwa Glasgow.

Watoto wengi wa leo hawaijui hiyo. Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza zilipiga mabomu jumba la mfalme hapa mbele, vita vya dakika kama 40 tu, na ile meli ikazamishwa papo hapo. Maji yake si ya kina kirefu sana, basi milingoti ikabaki imechomoza juu ya maji miaka na miaka, mpaka 1912 ndipo wakaivunja. Yeye mzee alikuwa hakuiona kwa macho yake, lakini baba yake aliiona, na akatusimulia baba yake alivyokuwa akiifunga ngalawa kwenye mlingoti wa meli ya Sultani. Sasa niambieni, mtoto aliyesikia hivyo anaitazama vipi bahari tena? Kaka yangu alikuwa kila akiruka anasema ameigusa. Hakuigusa, iko mbali na ukuta, lakini ndani ya roho yake aliigusa kila siku.

Na ipo skuli nyengine, hii ilikuwa yetu sisi wasichana hasa. Kila kaskazi lazima tupelekwe shamba. Sisi tulikuwa tukipelekwa Jambiani kwa bibi, upande wa baba. Gari ya mbao kutoka Darajani, mizigo juu, kuku chini, njia yenyewe mashimo matupu, unafika jioni vumbi mpaka kwenye kope. Na asubuhi ukiamka, ile bahari! Mliofika kule mnajua, maji yakipwa yanakwenda mpaka mwambani, huko mbali unaona mstari mweupe tu wa mawimbi, na baina yako na ule mstari ni mchanga na vidimbwi na mwani, unatembea na kutembea.

Kule wanawake ndio wenye pwani. Bibi yangu alikuwa na mashimo yake ya makumbi ya nazi, anayafukia mchangani, anaweka mawe juu kama alama, na hakuna wa kuyagusa kwa sababu kila mtu anayajua ya nani. Yanakaa humo miezi yanaoza. Akija kuyafukua harufu yake msiniulize, halafu anayaponda kwa gongo, anapata usumba, anakaa kivulini na wenziwe wanasokota kamba huku wanazungumza habari za watu. Kamba ile ndiyo iliyosomesha watoto.

Na pweza. Bibi alikuwa akitembea na chuma chake, leso mbili, viatu vya plastiki kwa sababu ya miba, na mimi nyuma yake na kikapu. Nikimwona yeye anasimama na mimi nasimama. Naangalia, sioni kitu, jiwe tu na tundu. Ananiambia, "Tazama mlangoni kwake." Natazama. Mbele ya tundu pana magamba ya kaa na vigamba vya kome vimetupwa, visafi, vipya. Pweza anakula ndani anatupa nje, na ndivyo anavyojulikana yupo. Bibi anaingiza chuma taratibu, hakimbilii, anangoja, na mkono mmoja wa pweza unatoka unakishika kile chuma wenyewe. Akimtoa ananipa mimi nimpigepige kwenye jiwe alainike, mpaka mikono imechoka.

Lakini kitu kikubwa nilichojifunza kwake ni kurudi. Siku moja tulikwenda mbali, karibu na mwamba, mimi nimenogewa kikapu kimejaa, maji bado yako chini, jua zuri, sioni tatizo lolote. Bibi akasimama ghafla akasema, "Tunarudi." Nikamwambia bibi mbona bado, maji hayajaja. Akaninyooshea kidole kwenye majani ya baharini miguuni mwetu. Dakika chache zilizopita yalikuwa yamelala yakielekea mwambani, sasa yamelala yakielekea pwani. Maji yalikuwa yameshapinduka chini na juu huoni kitu. Tukarudi kwa haraka, na tulipofika kwenye mchanga mkavu nikageuka nyuma, pale tulipokuwa tumesimama palikuwa bahari. Bibi akaniambia, na maneno yake ninayo mpaka leo, "Mimi siwezi kuogelea mwanangu, basi macho yangu ndiyo mikono yangu."

Mnaelewa alichokisema? Mwanamke aliyefanya kazi ndani ya maji maisha yake yote, hajui kuogelea! Na hakuwa peke yake. Mwaka 1989 ndio ule mwaka kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara kule Jambiani na Paje, mimi ninakumbuka zile kamba na vijiti vya mwanzo mwanzo, na wakulima wake ni wanawake, mpaka leo wengi ni wanawake. Walijengea nyumba ule mwani. Sasa hivi maji ya pwani yanapata moto, ile aina yenye bei nzuri inakufa karibu na ufukwe, inabidi ipelekwe maji ya kina. Kwenye maji ya kina anakwenda nani? Anayejua kuogelea. Wangapi kati yao wanajua? Basi hapo hamuoni kwamba mtu anakosa riziki yake kwa somo ambalo mtoto wa miaka saba anaweza kulijua kwa kaskazi moja?

Na sio riziki tu.

Hapa nitasema kwa kifupi kwa sababu najua waliomo humu ndani na najua nani alipoteza nani. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake kwa mbali sana. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, wengine wameshikilia magodoro mpaka kulipokucha. Maiti zaidi ya 200 tulizizika. Na waliokuwa hawakuonekana tena ni wengi kuliko hao. Haukupita hata mwaka, Julai 18, 2012, upepo wa kusi mkali, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Visiwani kwetu, baharini kwetu, mbele ya macho yetu.

Kuogelea kungewaokoa wote? Hapana, sitawadanganya, usiku katikati ya mkondo wa Nungwi hata hodari anazidiwa, na kosa la kujaza meli halifutwi na kuogelea. Lakini anayejua kuelea ana dakika ambazo asiyejua hana. Ana saa, pengine. Ana nafasi ya kumshika mtoto. Nimekaa na mama mmoja aliyenusurika, aliniambia jambo moja tu, kwamba watu wengi waliokuwa karibu naye hawakuuliwa na mawimbi, waliuliwa na hofu ya maji, na waliozama haraka ni wanawake na watoto. Wanawake na watoto! Watoto wa visiwani, jamani. Tumezungukwa na bahari pande zote nne, wengi wetu hatuna njia nyengine ya kwenda kwa ndugu zetu, halafu tunamfundisha msichana kila kitu isipokuwa hicho kimoja.

Sasa kuna watu walioliona hili kabla yetu. Kule kule Nungwi tokea 2011 kuna mradi unaitwa Panje, wanawafundisha wasichana kuogelea, mwalimu mwanamke, mavazi yanayositiri mwili mzima, na walioanza kujifunza wakageuka wakawa walimu. Mimi mwenyewe nimejifunza mtu mzima, nishazaa, dada mmoja aliyejifunzia huko ndiye aliyenishika mgongo. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kulala chali juu ya maji. Huogelei, huendi popote, unalala tu, masikio ndani ya maji, unasikia pumzi yako mwenyewe, na maji yanakubeba. Nililia. Naomba mniwie radhi nikilisema hili mbele ya wakubwa, lakini nililia kwa sababu nilikuwa nimeyatazama maji hayo tokea nimezaliwa na nilikuwa sijui kwamba yanabeba.

Masheikh waliopo hapa nilikwenda kuwauliza kabla sijasimama, sikutaka kuja kuleta fitina kwenye mtaa. Wameniambia msichana akiwa amesitirika, na mwalimu akiwa mwanamke, na mahali pakiwa pa heshima, hakuna kizuizi. Sheikh yupo mbele pale, mnaweza kumuuliza mwenyewe.

Kabla sijamaliza, jambo jengine, na hili nalisema kwa akina baba na viongozi wa mtaa. Pwani yenyewe inazidi kubana. Nafurahi kwa mengi yaliyofanywa, bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture ikafunguliwa tena 2009, imependeza, na ukuta wa Mizingani umejengwa upya na ulikuwa unaanguka kweli. Na tumeumia kwa mengine, Beit al-Ajaib iliyosimama tokea 1883 tumeiona sehemu yake ikiporomoka Disemba 25, 2020 na watu wawili wakafa chini yake. Lakini hesabuni wenyewe vile vichochoro vya kuteremkia majini tulivyokuwa tukivitumia sisi. Kile cha nyuma ya nyumba ile kubwa, kimezibwa geti. Kile chenye ngazi tatu zilizovunjika, sasa kina viti vya wageni na mtu anayekuuliza unakwenda wapi. Mtoto wa mtaa anaulizwa anakwenda wapi pwani ya mtaa wake! Mimi sina ugomvi na wageni, wageni ni riziki na adabu yetu ni kuwakaribisha. Ninachoomba ni kwamba vile vichochoro viwili vilivyobaki wazi, viandikwe, vijulikane, na mtu yeyote akija na saruji yake akute mtaa mzima umesimama. Wazee mnao ushahidi wa midomo yenu, mlipita hapo na baba zenu walipita hapo. Usemeni sasa mkiwa hai, mbele ya sheha wa mtaa, uandikwe.

Na usafi, hilo sitalirefusha. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki hapa Zanzibar mwaka 2006, kabla ya wengi, halafu chupa tunazitupa wenyewe. Watoto wanaokota chupa pale tulipokuwa tukiokota vigae.

Sasa nije kwenye kazi, maana sikuja kuwapeni hadithi tu mwende nayo nyumbani.

Tumekaa baadhi yetu tukapanga. Likizo hii ya Disemba tunaanza kuwafundisha watoto wa mtaa kuogelea, wasichana kwa wavulana, kwa makundi tofauti. Hatuanzi siku za bamvua. Tumechagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa sababu mbili ambazo wazee wa majahazi mtazikubali, mkondo wake ni mdogo, na maji yake hujaa asubuhi kwenye saa nne. Yaani ile saa iliyokuwa yetu sisi wasichana, safari hii tutakuwa nayo na maji ndani yake. Wasichana wataingia ule upande wa mchanga wa Shangani, si ukutani, maji ya kiunoni, na walimu wanawake watatu wameshakubali kuja, wawili wanatoka Nungwi. Wavulana watakuwa na kaka yangu. Ndiyo, yule yule wa makachu, amekaa pale nyuma mvi tupu, simameni mumuone. Ameniahidi kwamba hakuna atakayeruka ukutani kabla hajaweza kuelea na kuogelea kwenda na kurudi.

Nawaomba nini? Akina mama, leteni watoto, na nyinyi wenyewe njooni, kundi la watu wazima lipo, hatutaangaliwa na mtu. Mafundi wa kushona, tunahitaji nguo za kuogelea za kusitiri za watoto, kitambaa kimepatikana, mikono ndiyo haijapatikana. Wenye ngalawa, tunahitaji mbili zikae upande wa nje muda wote watoto wakiwa majini, na tochi na filimbi na kamba. Ndugu zetu mlioko nje mtakaoisoma hii, maboya ya kujiokolea ya saizi za watoto hapa ni shida, mkija likizo wekeni moja kwenye sanduku.

Daftari liko mlangoni, kwa yule bibi aliyevaa mtandio wa kijani. Andikeni jina la mtoto, umri wake, na kama ana maradhi yoyote, pumu au kifafa, msifiche. Karatasi ya mwanzo ni ya wasichana. Ninaomba ijae kwanza kabla hamjafungua ya pili.

Ahsanteni sana. Wassalamu alaykum warahmatullah.